Majina Kumi na Moja Kwenye Daftari la Maktaba

Siku ya nne baada ya kumzika mama, mwanangu alikoroga gundi ya unga wa ngano kwenye sufuria ndogo, pale Ipogolo nyumbani kwa mama, apate kubandika picha ya bibi yake kwenye ubao. Uani watu walikuwa bado wamejaa, wanawake wakisugua masufuria ya msiba, wanaume wakizungumzia mvua. Harufu ile ilipoingia sebuleni, viganja vyangu vikaanza kuwaka. Sisemi kwa mafumbo. Viliwaka kweli, nikaenda kuvitumbukiza kwenye ndoo ya maji, na shangazi akanishika bega akaniambia nilie tu, nisijizuie. Alidhani ni uchungu wa kufiwa. Nami nikalia, maana kulia kulikuwa rahisi kuliko kueleza.

Ninyi wa umri wangu mliosoma shule za msingi za serikali mnaijua gundi hiyo. Unga wa ngano, maji, chumvi kidogo, unakoroga mpaka inavutika, halafu unatia tone la mafuta ya taa ili panya na mende wasiile. Kwetu ilipikwa mara kwa mara, kwa sababu mama alikuwa mwalimu wa maktaba.

Shule yetu ilikuwa nje kidogo ya Rujewa. Ukisimama uwanjani unaona mpunga mbele, mpunga nyuma, na ng'ombe wanakatiza katikati. Hatukuwa watu wa huko. Mama alikuwa Mhehe wa Iringa, alipangiwa kazi Usangu akiwa binti, akanizaa, akaachana na baba, akabaki. Tuliishi nyumba ya mwalimu, vyumba viwili na jiko la nje. Alifundisha Kiswahili darasa la tano, na kote Rujewa alijulikana kwa fimbo.

Asije mtu akaniambia kwamba enzi zile walimu wote walichapa. Najua walichapa. Mama alichapa kuliko wote. Alitumia fimbo za mpera, alizowaagiza wanafunzi wenyewe wakate, na aliyeleta nyembamba alianza kuchapwa yeye. Alichapa kwa kuchelewa, kwa kucha ndefu, kwa kutojua, kwa kujua na kunyamaza. Na mimi nilipata sehemu yangu nyumbani bila upendeleo. Nilikuwa naweza kujua hasira yake kwa namna anavyovua saa ya mkononi. Akiivua na kuiweka juu ya kabati, nilijua leo ninalo.

Lakini umwone na kitabu. Vidole vile vile vilifungua kurasa polepole kiasi kwamba nilikuwa naona wivu. Alikaa na kitabu kilichotobolewa na panya, akakata kipande cha karatasi nyembamba, akakipaka gundi, akakilaza juu ya jeraha na kukipuliza kikauke. Mimi sikuwahi kupulizwa hivyo. Nilikuwa na miaka kumi na nilikwishajua kwamba katika nyumba yetu ni afadhali kuwa kitabu.

Maktaba yenyewe ilikuwa chumba kimoja kilichokuwa zamani stoo ya majembe. Nyuma yake, nje ya uzio, kulikuwa na mashine ya kukoboa mpunga, na pumba zake zilirundikwa pale mpaka zikawa kilima. Pumba zilileta panya, na panya wakipata chumba chenye karatasi hawaombi ruhusa. Vitabu vilikuwa vya kila namna. Vya kiada vya mtaala wa zamani, vya kilimo, vya Biblia, na vingine vya Kizungu vilivyoletwa na wageni wa kanisa, vyenye picha za watoto wanaocheza kwenye theluji.

Kisha mtaala ukabadilika. Yakaja maboksi ya vitabu vipya na agizo kwamba rafu zote zipitiwe, kisichofaa kitoke, kipya kiingie. Mama alipelekwa Mbeya kwenye mafunzo ya siku mbili akarudi na daftari lenye maelezo na furaha ambayo sikuwa nimewahi kuiona. Akaweka maboksi matatu sakafuni, akayaandika kwa makaa: Kubaki, Kutibiwa, Kuondoka.

Alikuwa na mtindo wake. Kwanza alikinusa kitabu, kwa sababu ukungu hunuka kabla haujaonekana. Kisha alikunja ncha ya ukurasa wa katikati mara mbili. Ncha ikikatika, karatasi imekwisha kufa. Kisha alitazama ramani. Ramani isiyokuwa na Manyara, mkoa uliokuwa bado mpya, aliifunga, kitabu kikaenda boksi la tatu. Mwisho alifungua daftari la kuazima, ambalo wanafunzi waliandika wenyewe majina yao kwa penseli wakichukua kitabu, na yeye akatia sahihi kwa kalamu nyekundu kikirudi. Kitabu ambacho hakikuwa na jina la mtu kwa miaka mitatu kilikwenda boksi la tatu, hata kingekuwa kipya namna gani.

Boksi la tatu lilikuwa la kuchomwa moto. Sababu yake inajulikana na kila mwalimu aliyefundisha kando ya barabara kuu. Pale Igawa, ambapo mabasi husimama, akina mama wanauza karanga kwenye karatasi zilizosokotwa, na karatasi hizo hutoka popote zinapopatikana. Abiria mmoja alikuwa amekunjua karanga zake akakuta mhuri wa shule. Habari zikafika kwa wakubwa kwamba walimu wanauza vitabu vya serikali, na mwalimu mmoja wa shule ya jirani akahamishwa kwa aibu. Mwalimu Mkuu wetu akaapa kwamba kwake kila kitabu kinachoondoka kitachomwa kwenye shimo mbele ya kamati, mpaka kiwe majivu.

Siku mama anachambua rafu ya chini nilikuwa pembeni nakoroga gundi. Akafika kwenye kitabu changu. Nakiita changu, ingawa kilikuwa cha shule. Kilikuwa kitabu kikubwa cha mawingu, kimojawapo cha wale wageni wa kanisa, kimeandikwa kwa lugha ya Wazungu fulani ambayo hata mama hakuijua. Nilikuwa nakichukua mchana, nalala juu ya kilima cha pumba na kulinganisha picha na anga ya Usangu. Mama alikinusa, akakunja ncha, haikukatika. Akafungua daftari la kuazima. Akakitupa boksi la tatu.

Nikamwambia mimi huwa nakisoma.

"Hukuandikwa," akasema mama, na kuchukua kingine.

Baadaye Mwalimu Mkuu alipita kuuliza kazi imefikia wapi na vitabu vilivyo kwa wanafunzi vitachambuliwa lini. Mama akamjibu kwamba kitabu kilicho mikononi mwa mtoto hakiguswi mpaka kirudi. Maneno hayo mawili ya mama niliyaunganisha kichwani mwangu nikaona nimepata dawa. Kilichoandikwa jina la mtu hakichomwi. Wala sikuona ubaya wowote. Niliona mama mwenyewe amenionyesha mlango.

Kesho yake, walimu wakiwa kikaoni, nilichukua ufunguo, nikatoa kwenye boksi la tatu vitabu kumi na kimoja, vile vyenye picha, nikavitia ndani ya kiroba cha mbolea na kukifukia kwenye kilima cha pumba. Halafu nikakaa chini na daftari la kuazima na penseli. Majina niliyatoa kwenye orodha ya mahudhurio ya darasa la tano ambayo mama alikuwa anakuja nayo nyumbani. Nilibadilisha mwandiko, mwingine umelala, mwingine umesimama, na nilijisikia mkarimu. Niligawa vitabu kama mtu anayegawa pipi. Huyu atapenda cha ndege, yule cha meli. Sikujaza sehemu ya kurudisha kwa sababu kalamu nyekundu ilikuwa ya mama.

Cha mawingu nilimwandikia Lusajo. Lusajo alikuwa mvulana wa darasa la tano, mtoto wa Wanyakyusa waliohamia kulima mpunga, mrefu, mpole. Msimu wa mvua uliopita nilikuwa nimeteleza kwenye mfereji wa kumwagilia, na yeye ndiye aliyenivuta kwa kola ya sare, akaniambia nijianike nisichapwe, akaenda zake. Nilikuwa sijamlipa. Kwa hiyo nilimpa kitabu kizuri kuliko vyote.

Kamati ilikaa Ijumaa. Mwalimu Mkuu na mwenyekiti wa kamati ya shule walihesabu maboksi, wakafungua daftari la kuazima, wakakuta vitabu kumi na kimoja viko nje. Mwalimu Mkuu akasema haiwezekani. Vitabu vyote lazima vionekane kabla ya moto, vingine vikiibukia Igawa nani atajibu. Nilimwona mama akibadilika rangi, maana vitabu hivyo alivitupa boksi la tatu kwa mkono wake, na sasa daftari lilisema watoto walivichukua humo yeye akiwa kikaoni. Kengele ikagongwa, shule nzima ikajipanga mistari, na majina kumi na moja yakasomwa kwa sauti. Mama alivua saa yake akaitia mfukoni.

Wa kwanza alikuwa msichana. Akasema hajaazima. Mama akamwonyesha daftari na kumuuliza jina hili ni la nani. Akajibu ni lake. Basi kitabu kiko wapi? Fimbo ya kwanza, ya pili, na kwenye ya tatu msichana akalia kwamba kilitumbukia mfereji. Mama akamwachia. Wa pili alijitetea kidogo, akapigwa mgongoni na mapajani, akasema mbuzi wamekila. Wa tatu, mdogo wake alikichana. Kufikia wa sita hakuna aliyengoja zaidi ya fimbo mbili. Walikuja mbele na uongo wao tayari, wengine wakiutoa hata kabla mkono haujainuliwa, na bado walichapwa, sasa kwa kupoteza. Kila uongo ulimthibitishia mama kwamba daftari linasema kweli. Na mimi, mwenye penseli, nikiwa mstari wa darasa la nne, nilianza kushangaa na kujiuliza kama kweli waliviazima. Ndivyo nilivyokuwa mtoto. Nilidhani watu kumi hawawezi kukiri jambo ambalo halikuwepo.

Lusajo alikuwa wa mwisho.

"Sikuazima, Mwalimu," akasema.

Mama akamwonyesha jina. Akasema jina ni langu, mwandiko si wangu. Mama akampiga. Akamwambia inama, akainama, akampiga hadi shati la sare likapasuka mgongoni, akamuuliza tena. Lusajo akasema sikuazima, kwa sauti ile ile, bila kulia, kana kwamba ameulizwa leo ni siku gani. Hapo ndipo mama alipopotea. Alimpiga miguuni, mabegani, popote. Niliweza kusikia pumzi ya mama kutoka pale niliposimama. Fimbo ikakatika, akanyoosha mkono bila kugeuka, kiranja akampa nyingine. Lusajo alikinga uso kwa kiwiko cha kushoto na fimbo ikawa inatua hapo hapo, kwenye mfupa, tena na tena, na sauti yake haikuwa ya nyama. Nilihesabu mpaka kumi na tisa nikaacha. Sikio lake lilikuwa linatoa damu inayoingia kwenye kola.

Watu wanadhani mama alikuwa na furaha akipiga. Hapana. Siku ile alikuwa anaogopa. Kumi walikuwa wamepoteza, watoto hupoteza. Huyu aliyekataa ndiye aliyeonekana kwake kuwa mwizi, ndiye aliyepeleka kitabu Igawa, ndiye atakayemharibia kazi. Nilielewa haya ukubwani. Siku ile nilielewa jambo moja tu, kwamba naweza kuyakomesha. Nilifungua mdomo. Najua niliufungua kwa sababu nilisikia vumbi kwenye meno. Halafu nikaitazama fimbo, nikaufunga.

Mwalimu Mkuu ndiye aliyesema basi inatosha, aitwe mzazi. Baba yake Lusajo alikuja kutoka shambani na matope hadi magotini, na nyuma yake mama yake, mwanamke mwembamba aliyekuwa bado na jembe begani. Nilifikiri sasa mama atapigwa, na Mungu anisamehe, kidogo nilifurahi. Yule baba alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mzee wa kanisa. Akavua kofia.

"Nisamehe, Mwalimu," akasema. "Na nakushukuru kwa kunisaidia kulea."

Akachomoa mpini wa jembe la mkewe, akamgeukia mwanawe pale pale mbele ya shule nzima. Nisingependa kueleza mpini ulivyofanya. Lusajo alianguka, akasimama, akaanguka. Vitabu vya kanisa, baba yake alikuwa anasema kila anapopiga, vitabu vya kanisa. Mama yake alisimama pembeni ameshika kichwa, akamwambia kiri tu mwanangu, kiri yaishe. Lusajo alimtazama, akatikisa kichwa. Wakamwondoa, mkono wa kushoto ukining'inia upande ambao mkono hauelekei.

Nilikimbia kabla kengele ya kutawanyika haijagongwa. Nilikuwa na mpango. Nitavifukua vitabu, nitavirudisha kwenye rafu, mama atavikuta na kujua kwamba Lusajo hakusema uongo. Nilipozunguka uzio nikaona moshi. Watu wa mashine walikuwa wamewasha kilima cha pumba jana yake, kama walivyofanya kila kilipozidi ukubwa, na pumba haziwaki kwa mwali, zinaungua kwa ndani siku nzima juu kukiwa kweupe. Nikachimba kwa mikono. Nilichimba hata baada ya ngozi kuanza kutoka, kwa sababu nilikuwa naona kona ya kiroba. Kiroba kilikuwa kimeyeyuka. Kitabu cha mawingu kilikuwa na umbo lake bado, kurasa zote zimepangana, nyeusi, na nilipokigusa kikawa hakipo.

Mama alikuwa jikoni akisonga ugali. Akaona viganja vyangu kabla hajauona uso wangu. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni. Kiroba, penseli, orodha ya mahudhurio, kila jina. Nilimwambia Lusajo hakuazima. Nikanyoosha mikono mbele, kama alivyotufundisha, viganja juu, nikangoja. Nilitaka anipige. Sijawahi kutaka kitu kwa nguvu kiasi kile, hata nilipokuwa nazaa sikutaka mtoto atoke kama nilivyotaka fimbo ile.

Mama alifunika sufuria. Akanawa. Akanikalisha kwenye kigoda, akanimwagia maji ya mtungi, akanipaka asali, akachana khanga yake na kunifunga vidole kimoja kimoja. Akavipuliza.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Basi," akasema. "Kula."

Jumamosi kamati ilirudi kusimamia moto. Mama alitoka nyumbani na daftari la kuazima kwapani, na mimi nilimfuata nikiwa na amani ya ajabu, kwa sababu nilijua analichukua kwenda kumwonyesha Mwalimu Mkuu. Yeye ataeleza kwa maneno ya kikubwa, nami sitalazimika kufungua mdomo. Vitabu vya boksi la tatu vilimwagwa shimoni, vikamiminiwa mafuta ya taa, vikawashwa. Majalada yalikunjamana, kurasa zikawa zinajifungua zenyewe mojamoja. Mama alisogea ukingoni na kulitupa daftari katikati ya moto. Mwenyekiti alipouliza ni nini hicho, alisema panya wamelila, na vitabu vipya vinahitaji daftari jipya. Alisimama pale mpaka likaisha. Hakunitazama.

Siku hiyo hiyo tukasikia kutoka zahanati kwamba kiwiko cha Lusajo kimevunjika. Hakuna aliyeweza kusema ni fimbo ya mpera au mpini wa jembe. Shuleni ikasemwa ni baba yake. Mama akashika hilo. Mkono uliunganishwa vibaya ukakomaa umepinda, na Lusajo hakurudi darasani Jumatatu, wala wiki iliyofuata, wala tena. Baba yake alisema hasomeshi mwizi. Alimpeleka kwa ndugu akachunge ng'ombe.

Mama hakunigusa tena kwa fimbo tangu siku ile. Wengine aliendelea kuwachapa kama kawaida, na mimi nilikaa nyumbani nikisahihishiwa madaftari kwa upole, nikinunuliwa viatu, nikisifiwa, na kila wema ule ulinichukiza. Maktaba ikawa nzuri. Rafu zilijaa vitabu vipya, wageni wakaletwa kuiona, na mama akapewa cheti. Nikafaulu, nikaenda sekondari, nikapata kazi. Hatukulitaja jambo lile hata mara moja. Tukikaribia kulitaja, mmoja wetu aliinuka akaenda kutazama kitu jikoni.

Alipougua nilimhamishia Ipogolo, kwenye nyumba aliyokuwa ameijenga kwa ajili ya kustaafu. Wiki zake za mwisho alikuwa anaongea kidogo sana. Asubuhi moja namlisha uji akashika mkono wangu na kijiko.

"Yule mtoto anauza mchele Igawa," akasema. "Nilimwona basi liliposimama. Lilisimama muda mrefu."

Nikamuuliza alimwambia nini.

"Sikushuka."

Tukamzika tarehe ambayo siitaji, na ilipotimia wiki, nikapanda basi, na pale Igawa mimi nikashuka. Nilimpata bila shida. Nilimuulizia kwa mkono wake, nikaona haya kwa kufanya hivyo, lakini ndivyo anavyojulikana. Alikuwa amesimama nyuma ya mabeseni ya mchele kando ya barabara, mtu mzima mwenye mvi chache mapema, kiwiko cha kushoto kimebana ubavuni. Nilimsalimu, nikamwambia mimi ni mtoto wa nani. Akaendelea kumpimia mteja. Mteja alipoondoka nikasema niliyotoka Iringa kuyasema. Kwamba jina lake niliandika mimi. Kwamba vitabu nilivificha mimi. Kwamba mama alijua siku ile ile kabla ugali haujaiva, na akachoma daftari. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nimejiandaa hata kwa msamaha, na nikiri kwamba huo ndio niliokuwa nimeufuata.

Lusajo alisawazisha mchele kwa kiganja cha mkono mzima.

"Mimi unaniambia nini?" akasema. "Mimi nilikuwepo. Baba amekufa ananihesabu mwizi. Mwambie huyu."

Akaita nyuma ya kibanda. Mama yake akatoka na ungo, amezeeka, mwembamba vile vile. Lusajo akamwambia kuna mgeni ana maneno. Nikamwamkia, akaitikia vizuri, akaniuliza mimi ni wa wapi. Nikaanza tena. Lori lilikuwa linapita, akanisogelea akasema hasikii vizuri, nirudie. Nikarudia kwa sauti, mpaka wauzaji wa jirani wakageuka. Nilisema mwanao hakuazima kile kitabu. Nilisema aliandikwa jina na mimi. Alinisikiliza akiwa ameushika ungo kwa mikono miwili, kisha akauweka chini polepole bila kumwaga hata punje, akanipiga kofi.

Mkono wake ulikuwa wa mkulima na nilisikia meno yakigongana. Akanipiga la pili upande ule ule. Lusajo hakumzuia, na mimi sikukinga. La tatu liliishia hewani, mkono ukashuka, akamgeukia mwanawe. Alimtazama usoni, halafu akatazama kile kiwiko, akakishika kama ndiyo kwanza anakiona.

"Kwa nini hukuniambia?" akamuuliza.

"Nilikuambia, Mama."